Kibao cha kurandia: msaidizi wa seremala asiyehitaji umeme

Droo ikikwama, wengi hulaumu reli au unyevu wa mbao. Mara nyingi kosa limeanzia kwenye ncha za mbao, zilizotoka kwenye msumeno zikaunganishwa bila kunyooshwa. Ubao mmoja ukimzidi mwenzake milimita moja, boksi zima huenda mshazari, na gundi hairekebishi.

Dawa yake ni kibao cha kurandia. Kazi hulazwa juu yake, randa hulazwa ubavu kando yake, kisha randa husukumwa ikinyoa ncha. Usahihi unakaa kwenye kibao, hivyo hata mwanafunzi hupata pembe mraba.

Mabaki ya karakana yanatosha. Chukua plaiwudi ya milimita 18, urefu 500 na upana 300. Juu yake gundisha kipande cha milimita 12 chenye upana wa 220, ukiacha njia ya randa ya milimita 80. Kabla ya kugundisha, nyoa kidogo kona ya chini ya kipande hicho upande wa njia. Vumbi litaingia humo badala ya kuisukuma randa pembeni. Chini, upande wako, funga kipande cha kushika ukingo wa meza.

Kisha weka kizuizi cha mninga au mbao nyingine ngumu upande wa mbali nawe, ncha yake ikilingana na ukingo wa njia. Hiki ndicho kinachoegemeza nyuzi za mwisho za ubao zisimeguke kisu kinapotoka. Kifunge kwa skrubu mbili bila gundi: tundu lililo karibu na njia libane, la pili liwe pana kidogo ili kizuizi kiweze kuzunguka.

Mara ya kwanza randa itakula ukingo wa kibao. Usishtuke. Kisu hakifiki mwisho wa uso wa randa, kwa hiyo ukanda wa chuma ulio pembeni yake utagusa ukingo na ulaji utakoma.

Panga kizuizi kwa guni, kisha kijaribu kwa kazi. Randa ncha za mbao mbili, kila mmoja ukiegemeza kwenye kizuizi upande wake ulionyooka. Pindua mmoja, ziguse ncha kwa ncha huku pande hizo zikilala kwenye rula. Kosa la kizuizi litaonekana mara mbili ya ukubwa wake, kwa hiyo hata mwanga mwembamba unaopenya ni ushahidi. Legeza skrubu ya tundu pana, sogeza kizuizi kiasi cha unene wa karatasi, kaza, rudia.

Kama pembe ni sahihi kwa upana lakini ncha imelala kwa unene, usiguse kizuizi. Kisu ndicho kimekaa upande. Kinyooshe kwa wenzo wake.

Kisu kiwe kikali na kitokeze kidogo sana. Kikali hutoa unyoya mwembamba hata kwenye ncha ya mninga. Butu hutoa vumbi na kuchana nyuzi. Paka nta ya mshumaa kwenye njia ili randa iteleze.

Wenye karakana na walimu wa ufundi, mpeni kila mwanafunzi mabaki ya plaiwudi atengeneze kibao chake kabla hajaunganisha droo ya kwanza. Gharama ni ndogo, na mteja ataiona tofauti kila anapovuta droo.