Je, Mtu ni Sehemu ya Pori?

Tuingie kidogo pori la miombo huku Mitundu. Nyuki anafuata maua ya mtundu apate kutengeneza asali. Chini ya mti, uyoga umeshikana na mizizi. Uyoga unausaidia mti kunyonya chakula udongoni, nao mti unaupa uyoga sukari. Ndiyo maana miombo ikikatwa, uyoga wake nao hupotea.

Viumbe hao, pamoja na udongo, maji na hewa, wataalamu wanawaita mfumo wa ikolojia. Mwingereza Arthur Tansley ndiye aliyeliandikia jina hilo mwaka 1935.

Na sisi je, tumo? Wataalamu wengine humwacha mtu nje, eti ni mharibifu tu. Tansley mwenyewe alimhesabu ndani. Nasi tunakubaliana naye.

Tazama mzinga wa gome. Ukibandua gome kuuzunguka mtundu wote, mti unakufa, na nyuki wa mzinga huohuo anapungukiwa maua. Kisha sisi tunapungukiwa asali. Mzinga wa mbao nao unatoka mtini, lakini mti mmoja mkubwa hutoa mizinga kadhaa, na hukaa miaka mingi.