Neno "Kazi" na Nafasi ya Mwanamke Katika Bonde la Lambwe

Mara nyingi hudaiwa kwamba elimu na sheria mpya zikienea, ukosefu wa usawa baina ya mwanamume na mwanamke utatoweka wenyewe. Hali ya Bonde la Lambwe, kusini mwa Nyanza, yaonyesha kuwa jambo hili si jepesi hivyo.

Huko mwanamume aghalabu ndiye ashikaye plau ya ng'ombe. Lakini kupalilia, kuvuna, kuteka maji na kutafuta kuni ni mambo ya mwanamke. Hata hivyo, akiulizwa mtu kama mke wake ana kazi, jibu la kawaida ni kwamba "yuko nyumbani tu". Sababu ni kuwa tangu enzi za ukoloni neno "kazi" limefungamanishwa na mshahara. Wanaume walikwenda kuajiriwa katika reli, mashamba ya chai ya Kericho na migodi ya Macalder. Aliyebaki shambani aliongezewa mzigo, ila mzigo huo haukupewa jina la kazi.

Hati za ardhi zilifuata mkondo uo huo. Kwa mila za Wajaluo ardhi hurithiwa na wana wa kiume, na mke hupata konde la kulima kupitia kwa mumewe. Usajili wa ardhi chini ya sheria ya 1963 uliandika, kwa kawaida, jina la mwanamume. Haki ya mke ya kulitumia konde, ambayo mila iliitambua, haikuonekana daftarini.

Katiba ya 2010 imekataza ubaguzi wa kijinsia katika umilikaji wa ardhi. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 nayo yahesabu kazi za nyumbani, malezi na kilimo kuwa mchango. Lakini mchango sharti uthibitishwe: mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kuwa ndoa peke yake haimpi mtu nusu ya mali. Basi shahidi asemapo "alikuwa nyumbani tu", huenda amefuta miaka ya jembe kwa maneno matatu.

Kubadili msamiati hakutagawa mashamba. Lakini kazi isiyotajwa haihesabiwi, na isiyohesabiwa hailipwi. Hapo wanaisimu na wanasheria wana shamba moja la kulima.