Bolti ya breki ikiganda: Jinsi ya kuifungua bila kuivunja

Mteremko wa kutoka Wundanyi kwenda Mwatate haumsamehi mwendeshaji baiskeli ambaye breki zake hazishiki. Barabara hiyo hupinda milimani, na msafiri hushuka mamia ya mita kabla ya kulifikia bonde, pengine akiwa na gunia la mboga nyuma yake.

Hata hivyo, si ajabu kumwona mwendeshaji akipunguza kasi kwa kukandamiza soli ya kandambili kwenye gurudumu. Raba zake za breki zimelika. Raba mpya si ghali. Kinachomshinda ni bolti iliyoganda kwa kutu na kukataa spana.

Bolti na nati hushikana kwa hesi, ile mifereji myembamba inayozunguka ndani na nje. Maji yakipenya humo, chuma hushika kutu, na kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichoiliwa. Hivyo hujaza kila mwanya na kuibana nati kana kwamba imechomelewa. Vumbi jekundu la Voi, lile lile linalowapaka rangi ndovu wa Tsavo, hunata juu yake na kuhifadhi unyevu. Wanaochuuza maji kwa mitungi ndio huathirika zaidi, kwa kuwa breki ya nyuma hudondokewa siku nzima.

Kwa baiskeli za kisasa zenye mikono ya breki ya alumini, metali mbili tofauti zinapokutana penye unyevu, alumini ndiyo huliwa. Unga mweupe kando ya bolti ni dalili yake.

Bolti nyingi huharibiwa na haraka. Kabla ya kuigusa kwa spana, ondoa gurudumu, kwa sababu tone la mafuta kwenye ringi au raba litaifanya breki iteleze hata baada ya kutengenezwa. Kisha sugua kutu kwa brashi ya waya na udondoshe mafuta ya kulegeza kutu yanayouzwa katika maduka ya vipuri. Mafundi wengi hutumia mafuta ya taa au dizeli, na yanafaa pia, mradi yapewe muda. Yaache usiku kucha. Igonge bolti polepole kwa nyundo ndogo, kwani mtikisiko huipasua kutu na kuyafungulia mafuta njia.

Spana nayo huchaguliwa kwa makini. Nati ya bolti ya katikati katika breki nyingi za waya huhitaji spana ya milimita 10, na ile ya pete ni bora kwa kuwa huishika nati pande zote. Spana ya kurekebishwa, ambayo mafundi wameibandika jina la spana malaya kwa kuwa haikatai nati yoyote, ndiyo huzila pembe na kuiacha nati ikiwa duara.

Shikilia kichwa cha bolti upande wa pili, kaza nati kidogo ili kutu ivunjike, kisha ifungue kinyume cha mwendo wa saa. Ukihisi bolti inajinyonga kama mpira bila nati kusogea, acha. Hapo iko karibu kukatika. Rudia mafuta.

Moto husaidia, ila kwa chuma pekee, na baada ya kuondoa raba na waya na kufuta mafuta yote, la sivyo utawasha baiskeli nzima. Alumini isitiwe moto: huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 bila kwanza kuwa nyekundu, na fundi hugundua akiwa amechelewa.

Pembe zikishalika, chonga pande mbili za nati kwa tupa ili spana ndogo ipate pa kushika. Lakini kwa maoni ya mwandishi huyu, mara nyingi ni afadhali kuikata nati mapema kwa msumeno wa chuma na kununua nyingine kuliko kupigana nayo asubuhi nzima. Bolti iliyokatikia ndani ndiyo kazi ya jua kali: mchomeleaji huunganisha nati mpya juu ya kisiki chake, na joto lenyewe huilegeza. Ikishindikana, hutobolewa kwa drili nyembamba kuliko bolti, kuanzia katikati kabisa.

Bolti mpya ipakwe grisi kwenye hesi kabla ya kufungwa, na nati iingie kwa vidole mizunguko kadhaa. Ikikwama baada ya mzunguko mmoja au miwili, hesi zake hazilingani. Irudishe dukani badala ya kuilazimisha, kwani itaonekana kushika mjini Voi na kuchomoka kwenye mteremko. Kisha bana breki zote mbili kwa nguvu huku ukiisukuma baiskeli kwa miguu mahali tambarare, na magurudumu yakikataa kuzunguka, panda.