Sagana au Jinja: Nunua Saa za Majini, Usinunue Kayaki

Mko marafiki wanne Nairobi, mmekubaliana kwenda kupanda mawimbi ya mto kwa kayaki wikendi ijayo, na mmoja wenu tayari anataka pesa za kuweka nafasi. Kuna mambo mawili ya kuamua kabla hamjatuma chochote: mnaenda mto gani, na mtatumia vifaa vya nani. Nimekwenda Sagana na nimekwenda Jinja. Kote kuwili, pesa iliyoniuma si ile ya kwenye tangazo. Ni ile ambayo hakuna aliyeitaja hadi tuliposimama kando ya mto tukiwa tumeshavaa.

Kipimo ninachotumia ni kimoja: gharama yote, kuanzia nauli hadi chai ya njiani, gawanya kwa saa ambazo utakuwa umekaa ndani ya kayaki majini. Bei ya siku hudanganya. Siku ya kayaki inaweza kuwa saa tano za maji, na inaweza kuwa saa mbili za maji na tatu za kusubiri gari.

Kwanza uelewe unachonunua. Wimbi la bahari hutembea mpaka ufukweni likafa. Wimbi la mto husimama. Maji yanapita kwa kasi juu ya mwamba au ngazi ya chini, yanajikunja na kubaki pale pale, mchana na usiku. Unaelekeza kayaki kule mto unakotoka, unakaa kwenye mteremko wa wimbi, na mto unapita chini yako. Ukianguka, mkondo unakupeleka kule mto unakoelekea. Hapo ndipo pesa inapoingia. Ikiwa pembeni mwa wimbi kuna maji yaliyotulia yanayorudi nyuma, unapiga kafi kidogo na uko tena kwenye foleni, bila kulipa mtu. Ikiwa hayapo, utabeba chombo cha kilo kumi na tano au zaidi juu ya mawe kila unapoanguka, na baada ya mara nne mikono imekwisha. Wimbi dogo lenye maji ya kurudi lina thamani kuliko wimbi kubwa la kwenye picha lisilo nayo. Uliza hilo kabla ya kuuliza bei.

Sagana iko kama kilomita mia moja kutoka Nairobi kwenye barabara ya Nyeri, na mto ni Tana. Unapanda matatu alfajiri, saa nne asubuhi umevaa jaketi la kuokolea. Maji yanatoka Mlima Kenya na Aberdare, kwa hiyo ni ya baridi na hupanda na kushuka kufuata mvua. Baada ya mvua za Machi hadi Mei, na zile za Oktoba hadi Desemba, mto unajaa na mawimbi yanaamka. Kiangazi kikikaza, mawe yanatokea na wimbi ulilosifiwa linaweza kuwa mchirizi tu. Piga simu siku mbili kabla, uliza kiwango cha maji kikoje leo. Mwenye kambi mwaminifu atakwambia subiri wiki mbili.

Hesabu yangu ya kupangia Sagana kwa mtu mmoja ni hii. Weka bei utakazopewa wewe mahali pa hizi. Nauli kwenda na kurudi 800. Kayaki pamoja na mwalimu 7,000 kwa siku, siku mbili 14,000. Hema usiku mmoja 1,500, chakula 2,000. Jumla shilingi 18,300. Ukipata saa nne za maji kila siku, saa moja imekugharimu kama shilingi 2,300.

Jinja, Uganda, ina mto wa aina nyingine. Nile inatoka Ziwa Viktoria ikiwa na maji mengi na ya uvuguvugu mwaka mzima, na kwa mpanda mawimbi hiyo ni neema. Huhitaji nguo za baridi, na mawe mengi yako mbali chini ya miguu. Lakini kutoka Nairobi ni karibu kilomita 570 na mpaka katikati. Ukiondoka Ijumaa jioni unafika Jumamosi asubuhi ukiwa umelala ukiwa umekaa. Ukitaka kuwa kazini Jumatatu, Jumapili mchana unafunga mizigo.

Basi kwenda na kurudi niweke 6,000. Kayaki na mwalimu kwa bei ya dola 120 kwa siku, dola moja ikiwa shilingi 130, siku mbili ni 31,200. Kitanda cha bei nafuu 1,000, chakula 2,500. Jumla 40,700. Saa halisi za maji, kwa uchovu wa basi na kurudi mapema, ni sita kama una bahati. Hapo saa moja imekugharimu karibu shilingi 6,800, mara tatu ya Sagana, na bado hujui kukaa sawasawa kwenye kayaki.

Sasa igeuze hesabu hiyo. Chukua mtu ambaye tayari anajua roli, yaani akipinduka anajirudisha juu kwa kafi bila kutoka ndani. Huyu hahitaji mwalimu wa siku nzima. Anahitaji kukodi chombo na kuchangia kiongozi mmoja na wenzake. Tuweke dola 60 kwa siku, na achukue wikendi yenye Jumatatu ya sikukuu: siku tatu 23,400, basi 6,000, vitanda viwili 2,000, chakula 3,600. Jumla 35,000 kwa saa kumi na nne. Saa moja ni shilingi 2,500. Amelipa pungufu ya yule mgeni wa siku mbili na amekaa majini zaidi ya mara mbili yake.

Kwa hiyo kinachofanya Jinja kuwa ghali si Jinja. Ni kwenda kabla ya wakati wako.

Kuhusu mawimbi yenyewe, usinunue kwa sifa za zamani. Mto huu umebadilishwa na mabwawa. Bwawa la Owen Falls la mwaka 1954 lilizamisha maporomoko ya Ripon. La Bujagali lilizinduliwa 2012 na likafunika maporomoko ya Bujagali, yaliyokuwa yakivuta wageni wengi. La Isimba lilifunguliwa 2019, chini zaidi ya mto, na maji yake yanarudi nyuma kuelekea eneo la kisiwa cha Hairy Lemon, kulikokuwa na yale mawimbi mawili yaliyojulikana duniani, Nile Special na Club Wave. Juu huko nako, maji yanayoachiliwa kuzalisha umeme ndiyo yanayoamua mto una nguvu kiasi gani saa hiyo. Picha ya miaka kumi iliyopita haikwambii kitu. Uliza hivi: wimbi gani lilikuwa likipandwa wiki hii, na saa ngapi? Naumia kila nikifikiria mawimbi yaliyozama pale, lakini pesa yako ifuate maji yaliyopo.

Tuje kwenye gharama za mfukoni, ambazo ndizo huvunja bajeti za watu wa kipato chetu.

Usafiri wa kutoka kambini hadi mtoni, na wa kukurudisha kutoka mnapomalizia. Mara nyingine uko ndani ya bei, mara nyingine ni bodaboda yenye kayaki imefungwa ubavuni na unalipa wewe. Tulipokwenda wanne, tulilipa usafiri huo mara tatu kwa siku kwa sababu hatukuuliza. Uliza: bei hii inanirudisha nilipoacha nguo zangu?

Picha na video huuzwa kando karibu kila mahali. Wanne mkinunua kifurushi kimoja mkagawana, inavumilika. Kila mtu akinunua chake, mmelipa siku nyingine ya kayaki.

Fedha za kigeni zina mtego wake. Uganda, noti ndogo za dola na noti zilizochapishwa zamani hubadilishwa kwa bei ya chini, au hukataliwa kabisa. Mpakani, mtu anayekimbilia basi lako na bunda mkononi si mtu wa kubadilisha naye elfu ishirini. Badilisha kidogo cha nauli na chakula, kingine badilisha mjini dukani. Ukiambiwa bei kwa dola lakini utalipa kwa shilingi, uliza wanatumia kiwango gani. Tofauti yake inaweza kukulipia chakula cha mchana.

Mpakani Mkenya anavuka kwa kitambulisho cha taifa, lakini beba pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Ukigundua siku ya safari kuwa huna, utalipa chanjo, au utalipa kukosa safari. Mkienda na gari lenu, bima yenu ya Kenya haitoshi. Mtahitaji ile kadi ya njano ya COMESA, na mwenye gari asibebeshwe peke yake.

Halafu kichocho. Ziwa Viktoria lina kichocho, na maji ya Jinja yanatoka humo. Hiki si kitisho cha kukuzuia kwenda, ni gharama ya kuandika kwenye bajeti: pima wiki kadhaa baada ya kurudi, na daktari akisema, meza praziquantel. Ni dawa ya bei ndogo ukilinganisha na safari, lakini watu huisahau kwa kuwa mwili hauwashi siku hiyo.

Na mwisho wa haya, amana. Usitume zaidi ya theluthi moja, na usitume kabla hujapata kwa maandishi itakuwaje mto ukijaa kupita kiasi au ukikauka. Jibu zuri ni kuhamishiwa tarehe nyingine. Jibu la "tutaona" linamaanisha pesa imekwenda.

Vifaa sasa, maana najua mmoja wenu ameona kayaki inauzwa.

Kayaki mpya ya maji ya kasi huko Ulaya na Marekani kwa kawaida ni dola 1,200 au zaidi. Ukiiagiza, ongeza usafirishaji, ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16 na ada nyingine za bandarini. Ongeza kafi, helmeti, jaketi, na sketi ya mpira inayoziba mdomo wa kayaki maji yasiingie. Kwa fedha hizo unakodi wikendi nyingi sana. Ukishakuwa nayo, bado utabishana na kila kondakta kuhusu mahali pa kuiweka. Mtu anayekwenda mtoni mara tatu kwa mwaka asinunue.

Iliyotumika inaweza kuwa biashara nzuri kwa anayekwenda kila mwezi. Ikague jua likiwa kali. Bonyeza plastiki chini ya kiti. Ikibonyea kama ndoo nyembamba, imelika. Tafuta nyufa kuzunguka kizibo cha kumwagia maji. Plastiki iliyopauka kwa jua hupasuka upesi. Ufa uliochomelewa ubavuni naweza kuukubali, uliochomelewa chini ya kiti siugusi hata kwa bure, kwani ndipo mawe hupiga.

Unapokodi, usidanganywe na kayaki fupi za kuchezea, zile za chini ya meta mbili, hata kama ndizo zinazopanda mawimbi vizuri. Zinapinduka ukipiga chafya. Anza na ndefu kidogo, yenye ujazo mkubwa. Inapanda wimbi la kijani lililo laini bila shida, na utashinda juu ya maji badala ya chini yake. Zile za kupuliza za bei rahisi zinazouzwa kwa ajili ya bwawa la kuogelea ziache huko huko.

Jaketi likaguliwe na mwenzako: avute mabega ya jaketi juu kwa nguvu. Likipanda hadi masikioni, omba jingine, hata kama mnachelewa. Helmeti ya bodaboda haifai. Sponji yake hunyonya maji na huelemea shingo. Hivi viwili ndivyo vitu ambavyo sitakushauri kubana pesa.

Kwingine bana. Viatu ni raba kuukuu zenye kamba, si ndala wala sandali mpya za dukani. Nguo za nailoni za mazoezi kutoka mtumba hukauka haraka na zinatosha Jinja. Kwa Sagana ongeza fulana ya sufu, maana pamba ikilowa huganda mwilini. Mfuko usiopitisha maji ni mzuri, lakini ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kukaza inalinda simu iliyoachwa garini vilevile.

Kwa yule rafiki anayeogopa, msimlipie somo zima kwa kumshurutisha. Mlipieni kiti kwenye boti kubwa la mpira, ambalo huwa nafuu kuliko mwalimu wa peke yake, au kayaki ya watu wawili ambayo mwalimu anakaa nyuma, pale inapopatikana. Hatapanda wimbi kama nyinyi, lakini atarudi akiwa rafiki yenu.

Hukumu yangu ni hii. Ikiwa hakuna kati yenu anayejua roli, nendeni Sagana siku mbili, mkodi kila kitu, na mrudi tena mwezi ujao kwa fedha mliyookoa. Ikiwa wawili au zaidi wanajua, subirini Jumatatu ya sikukuu, nendeni Jinja siku tatu. Jinja ya siku mbili kwa mgeni wa kayaki siipendekezi kwa bei yoyote niliyowahi kuonyeshwa.

Piga simu leo jioni, kambi mbili kwa kila mto. Uliza kiwango cha maji, wimbi lenye maji ya kurudi, usafiri wa kwenda na kurudi mtoni, na itakuwaje mto ukigoma. Omba majibu yaandikwe kwenye ujumbe pamoja na bei. Asiyetaka kuandika, mpigie mwingine.