Kifuu cha Nazi na Hewa ya Sumu

Mama wa Kaole hapungukiwi vifuu. Minazi imejaa hadi jirani na magofu ya msikiti wa kale, na nazi ikishakunwa kifuu huwashiwa jiko, au hutengenezwa upawa. Je, mama msomaji, unajua kwamba kifuu hicho kimewahi kuwakinga askari vitani?

Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, jeshi la Wajerumani lilifungulia gesi ya klorini, upepo ukaipeleka hadi kwenye mahandaki ya adui. Wataalamu walihangaika kutafuta kinga, na mojawapo waliyoipata ni mkaa. Mwaka 1918 wananchi wa Marekani, watoto kwa wakubwa, waliombwa wakusanye kokwa za matunda na maganda magumu ya njugu yachomwe mkaa wa kutia katika vinyago vya askari. Kifuu cha nazi kilipendwa sana kwa kazi hiyo, na hadi leo kinatumika.

Siri yake ni vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Kuta za vitundu vilivyomo katika gramu moja tu ya mkaa huo zikitandazwa, zaweza kufika mita za mraba 1000, yaani kama robo eka ya shamba! Gesi ikipita humo hunata kwenye kuta hizo. Lakini huu si mkaa wa gunia. Hupitishwa kwanza katika mvuke wa joto kali, nyuzi 800 na zaidi, ndipo vitundu hufunguka. Mkaa wetu wa kawaida hupunguza harufu kidogo kabatini au ndani ya friji, basi.

Na hapa ndipo penye hatari. Harufu ikiisha, mtu hudhani hewa imekuwa safi. Jiko la mkaa linalowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na hata ule mkaa bora wa vinyagoni hauinasi. Kuweka bakuli la mkaa chumbani hakumsaidii mtoto aliyelala karibu na jiko. Usiku wa mvua, mlango umefungwa, jiko limeingizwa ndani ili watu wapate joto: familia nzima yaweza isiamke.

Tukiwa bado kwenye gesi, usichanganye kamwe dawa ya kung'arishia nguo nyeupe na dawa ya choo yenye tindikali. Mchanganyiko huo hutoa klorini, ile ile ya Ypres, ndani ya choo chako kidogo kisicho na dirisha.

Jiko liwashwe nje na libaki nje hadi makaa yafe kabisa. Ukimkuta mtu chumbani analalamika kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu huku jiko linawaka, usianze kumtafutia dawa ya malaria. Fungua mlango, mtoe nje kwenye hewa, kisha mwahishe hospitali, hata kama anasema amepata nafuu.