Kusoma grini Kisumu: Si ziwa linalouvuta mpira

MPIRA huelekea ziwani. Huo ndio ushauri ambao mchezaji wa gofu hupewa katika karibu kila uwanja ulio kando ya maji, na jijini Kisumu, ambako uwanja wa Klabu ya Gofu ya Nyanza hauko mbali na Ziwa Victoria, si rahisi kuupuuza. Mchezaji huchutama nyuma ya mpira wake, akatupa jicho upande wa Ghuba ya Winam, akalenga kando kidogo ya shimo na kungoja ziwa limfanyie kazi iliyobaki.

Zipo siku ambapo mpira hutii. Zipo nyingine ambapo hunyooka kama uzi, au hupinda kuelekea upande wa vilima vya Riat, na lawama zote humwangukia kedi, yule kijana aliyebeba mfuko wa fimbo tangu asubuhi na ambaye ndiye aliyeulizwa njia.

Suala hili si dogo. Uwanja wa kawaida wa mashimo 18 hukadiriwa mikwaju 72. Katika hesabu hiyo, kila shimo limetengewa mikwaju miwili ya kusukumiza mpira ndani ya grini, yaani ule uwanda wa nyasi zilizokatwa fupi kabisa mahali shimo lilipo. Hiyo ni mikwaju 36, nusu ya mchezo mzima. Mchezaji anaweza kununua fimbo mpya za bei ghali na kuongeza umbali wa mkwaju wake wa kwanza, kisha akayapoteza yote katika mita tatu za mwisho kwa sababu hana utaratibu wake mwenyewe wa kusoma ardhi.

Tuanze na ziwa lenyewe. Maji hayana uwezo wowote wa kuuvuta mpira ambao uzito wake, kwa mujibu wa sheria, hauzidi gramu 45.93. Kinachouvuta ni mteremko. Imani ya ziwa ina chembe ya ukweli kwa kuwa ardhi ya Kisumu kwa jumla hushuka kutoka upande wa milima ya Nandi na vilima vya Riat hadi ufuoni. Jicho la binadamu, likizungukwa na ardhi iliyoinama upande mmoja, huanza kuichukulia kuwa tambarare. Grini iliyoinama kidogo kuelekea ziwani huonekana kana kwamba imelala sawasawa, na mpira unapopinda, mchezaji hushangaa na kulisingizia ziwa.

Lakini grini hujengwa kwa mikono. Aghalabu huinuliwa nyuma na kushushwa mbele ili maji ya mvua yatiririke na mpira unaotoka mbali upate kutulia. Kama mbele ya grini pametazama mlimani, mpira utafuata mwinamo huo, hata kama mawimbi yanasikika upande wa pili.

Kuna imani nyingine, kwamba nyasi hulala kuelekea machweo. Kisumu iko katika ncha ya mashariki ya ghuba, hivyo basi jua hutua upande wa ziwa. Kwa hiyo mchezaji wa hapa ana mashahidi wawili wanaosema jambo lile lile, na hana namna ya kujua ni yupi anayesema kweli. Siku akialikwa Kericho au katika klabu ya Nandi Bears huko Nandi Hills, ambako hakuna ziwa la kutazama, mashahidi hao wote humpotea.

Mlalo wa nyasi wenyewe ni jambo la kweli, hasa katika nyasi zinazotambaa za maeneo ya joto. Hata hivyo, hutegemea zaidi njia ya maji, upepo na uelekeo wa mashine ya kukatia kuliko mahali jua linapotua. Namna ya kuutambua si ngumu. Nyasi zikimeremeta mbele ya mchezaji, zimelala kumwacha, na mpira utakwenda kasi. Zikiwa na rangi iliyokoza, zimelala kumjia, na mpira utasita. Mwenye shaka na atazame mdomo wa shimo. Upande ulionyauka na kuchakaa ndio upande ambako nyasi zinaelekea, kwa kuwa zile zilizofika hapo zilikatwa mizizi yake shimo lilipochimbwa.

Kasi ni nusu nyingine ya habari. Mwaka wa 1935, Mmarekani Edward Stimpson, baada ya kutazama mashindano ya US Open katika uwanja wa Oakmont, alibuni kifaa sahili chenye mfereji wa kuteremshia mpira ili kupima umbali unaobingirika. Shirika la gofu la Marekani, USGA, lilianza kuwapa wasimamizi wa viwanja kifaa cha aina hiyo mnamo 1978. Anayecheza Kisumu hahitaji kukinunua. Anachohitaji ni kukumbuka saa. Alfajiri umande huukamata mpira. Kufikia adhuhuri jua na upepo wa ziwani huwa vimekausha uso wa grini na mpira huteleza. Jioni nyasi zimekua kidogo, na kama ngurumo za alasiri zimeleta mvua, mkwaju uliotosha asubuhi utaishia njiani.

Jua lenyewe lina hila yake. Kisumu imepakana na Ikweta, na adhuhuri vivuli hufupika mno kiasi kwamba mabonde madogo ya grini hayaonekani. Anayecheza saa sita mchana huliamini jicho lake wakati ambapo jicho lina sababu chache za kuaminiwa.

Hapo ndipo utaratibu wa kudumu unapofaa. Kazi yake ni kuuliza maswali yale yale, kwa mpangilio ule ule, ili jambo lisisahaulike kwa sababu ya hofu au dau lililowekwa. Swali la kwanza huulizwa mbali, mchezaji akiwa bado anatembea: kama ndoo ya maji ingemwagwa katikati ya grini hii, maji yangetokea wapi? Kutoka mita 30 mwinamo wa jumla huonekana wazi kuliko ukiwa umeukanyaga.

Akishafika, heri apitie upande wa chini wa njia ya mpira, katikati ya mpira na shimo. Ukiwa nyuma ya mpira ni vigumu kutambua kama unapanda au unashuka. Ukiwa kando ni rahisi. Kisha miguu. Mtu akisimama huku njia ya mpira ikiwa katikati ya miguu yake na akatulia, uzito huhamia mguu ulio chini hata pale ambapo macho hayaoni kitu. Mbinu maarufu ya AimPoint, iliyobuniwa na Mmarekani Mark Sweeney na kufuatwa na baadhi ya wachezaji wa kulipwa, imejengwa juu ya hisia hiyo ya nyayo. Tangu sheria zilipofanyiwa marekebisho mwaka wa 2019, kuikanyaga njia ya mpira hakuadhibiwi ilmradi mchezaji haiboreshi. Asisimame hivyo tu wakati wa kupiga mkwaju wenyewe.

Wapo pia wanaoning'iniza fimbo mbele ya jicho kama fundi mwashi na timazi yake. Fundi hujua anachokipima. Wengi wa wanagofu hawa, mtu akiwatazama kwa makini, wanaiga walichokiona kwenye televisheni.

Macho na miguu vikipingana, miguu isikilizwe. Kisha mchezaji aende hadi karibu na shimo na kuikagua mita ya mwisho, kwa sababu hapo ndipo mpira huwa umepungukiwa na kasi na mteremko hupata nafasi ya kuupinda. Ndiyo maana pia mkwaju wa kuteremka hupinda zaidi kuliko ule wa kupanda: husukumwa polepole, na hukaa njiani muda mrefu.

Yote haya yana mipaka ya muda. Sheria hupendekeza mkwaju upigwe kwa muda usiozidi sekunde 40 baada ya zamu ya mchezaji kufika. Anayeanza kusoma grini wenzake wamekwisha kupiga amechelewa. Usomaji hufanywa wao wakijiandaa, bila kuikanyaga njia yao wala kuwasumbua. Nyayo za wanyama zilizobonyea grini zinaruhusiwa kusawazishwa tangu 2019, jambo lenye maana katika ufuo ambako viboko hutoka majini usiku kutafuta malisho.

Sehemu ya mwisho ya utaratibu ni ya mtu binafsi kabisa, na hapa ushauri wa vitabu hauna budi kukoma mapema. Mmoja hupunga fimbo mara mbili akilitazama shimo, mwingine hapungi kamwe. Kuna jambo moja tu lenye ushahidi wa kutosha. Mtafiti Joan Vickers wa Chuo Kikuu cha Calgary, Canada, alichapisha mwaka wa 1992 utafiti kuhusu macho ya wanagofu, akaonyesha kwamba wachezaji hodari huutulizia mpira macho kwa muda mrefu kuliko wale dhaifu, ambao macho yao hurukaruka kati ya mpira, fimbo na shimo. Sekunde mbili za utulivu zatosha. Uamuzi kuhusu njia uwe umekwisha kufanywa kabla ya hapo.

Na kedi je? Kedi anayezijua grini za Kisumu katika masika na kiangazi ni hazina, na mchezaji asiyemuuliza ni mjinga. Lakini kumuuliza baada ya kusoma mwenyewe ni tofauti na kumwachia kazi yote. Anayeuliza, "Naona itapinda upana wa shimo moja kushoto, wewe waonaje?" hupata shahidi wa pili na hubaki na dhamana ya mkwaju wake. Anayeuliza, "Nipige wapi?" amekwisha kumtafuta wa kulaumiwa, na lawama hiyo jioni hupunguza bahashishi ya mtu anayeitegemea kulisha watoto.

Sheria zenyewe zimeuchora mstari huo. Tangu 2019 kedi haruhusiwi kusimama kwa makusudi nyuma ya mpira, katika mstari wa njia yake, kuanzia mchezaji anapoanza kujipanga hadi apige. Akifanya hivyo, adhabu katika mchezo wa kuhesabu mikwaju huwa mikwaju miwili. Anaweza kushauri, kuonyesha, hata kubishana. Kisha husogea kando.