Siku ya posho huko Mbau

Katika sehemu za migodi tunasema "siku ya posho" bila kukumbuka tena jina limetoka wapi. Wakati wa Wabelgiji, siku hiyo makampani yaliwagawia watumishi chakula cha juma. Posho ile imekwisha zamani, jina limebaki. Na kazi imebaki vilevile: kutafuta cha kula na kuingiza vitu nyumbani mbele ya Siku ya Mungu.

Tulipitisha siku moja ya posho na jamaa moja ya Mbau, kilometa karibu 20 kaskazini ya Beni, pale njia ya Kamango inapoachana na ile ya Oicha. Baba hayuko, yuko kwenye karieri ya zahabu, anarudi mara chache. Asubuhi mama alimtuma mtoto wake mkubwa, mwenye miaka 17, apeleke mihogo kwenye mashini ya kusaga, kisha apitie sokoni kuleta chumvi, sabuni na majiwe mawili ya radio.

"Usikawie kule. Na usipite njia ya shamba."

Tangu mauaji yalipoanza katika eneo la Beni, mwezi wa Oktoba 2014, mama wa huku hamtumi mtoto bila kuongeza neno kama hilo. Kakao ya shamba la mbali waliiacha ioze mitini. Ile ya karibu na nyumba ilikuwa imeanikwa juu ya hema, na wadogo waliigeuza kwa mikono huku wakifukuza kuku.

Siku tulivu, sivyo? Lakini nyuma ya mlango mfuko wa yule kijana ulikuwa umekwisha fungwa. Alitaka kuacha masomo amfuate baba yake kwenye karieri. Mama aliuona. Nyanya aliuona. Hakuna aliyesema neno.

Baada ya ugali na sombe, kijana alimsomea nyanya hadithi katika kitabu cha shule. Nyanya hajui kusoma, lakini kusikiliza anajua sana! Ukimrukisha ukurasa anakukamata palepale: "Na yule mutoto, ulimuacha wapi?"

Saa kumi majirani walikuja na viti vyao. Majiwe mapya yakaingia ndani ya radio, na mchezo ukaanza. Ulikuwa juu ya kijana aliyeacha shule kwa ajili ya zahabu, na sasa ana deni kwa mwenye shimo, hawezi tena kutoka.

"Ni mujinga! Mama yake alimukataza," jirani mmoja alipiga kelele.

"Hapana, baba yake njo alimuonyesha ile njia," mwingine alijibu.

Wakabishana namna hiyo kama juu ya mtu wanayemjua. Mtoto wa nyumba alitazama chini.

Nguvu ya mchezo wa radio iko hapo. Yale tusiyothubutu kumwambia mtu usoni, tunamwambia yule wa radio, na mwenye maneno anasikia. Watu wa Tanzania waliipima nguvu hiyo. Mwaka wa 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati, wenye Mkwaju, dereva wa lori asiyetulia na mke wake Tunu, hata UKIMWI ukamkamata. Sehemu ya Dodoma haikuupata mpaka 1995, kusudi wachunguzi waweze kulinganisha. Kule uliposikiwa, jamaa nyingi zaidi zilianza kupanga uzazi. Rwanda nao, tangu 2004, walikuwa na Musekeweya, juu ya vijiji viwili vya kubuni vyenye kuchukiana, Bumanzi na Muhumuro. Nani angeweza kuzungumza chuki ile waziwazi, miaka kumi tu baada ya mauaji ya 1994?

Turudi Mbau. Mbele ya giza kila jirani alibeba kiti chake akaenda kwake haraka. Huku watu hawatembei usiku. Kijana ndiye aliyevunja ukimya.

"Mama, yule wa radio, atarudia masomo?"

"Sijui. Posho ingine njo tutasikia."

Mama akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na wewe?"

Kijana hakujibu. Alifungua radio, akatoa majiwe yasiishe nguvu, akayafunga ndani ya kitambaa. Asubuhi ya Siku ya Mungu tuliyaona juu ya bati, yameanikwa juani kungoja posho ijayo. Mfuko ulikuwa ungali nyuma ya mlango.